Onyesho Nililolikata

Jumapili, 27 Novemba 1994

Mvua ya kwanza. Imeanza katikati ya misa, bati likapiga kelele, padre akabaki anafungua na kufunga mdomo bila sauti. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nimekubaliana na mahubiri yote.

Nimemaliza kutafsiri tamthilia. Ni ya kale sana, ya ng'ambo, imo katika kitabu kilichopoteza jalada na kurasa za mbele nilichopewa na mtawa mmoja mzee pale Peramiho, kwa hiyo sijui jina lake wala la aliyeitunga. Haidhuru. Kuna mfalme. Mji wake umezingirwa na adui, lakini ghala limejaa nafaka. Mwanawe anakufa baada ya kula mkate. Mfalme anaamini nafaka imetiwa sumu na watu wake mwenyewe. Anakataa kula, anawakataza wengine wasile, na mwisho analichoma ghala. Mji mzima unasema ana wazimu.

Mimi nasema hana. Ana sababu. Wazimu ni jina ambalo wenye nguvu huipa sababu wasiyotaka kuisikia. Nimeandika mambo kama hayo magazetini miaka mingi kuhusu wakulima, na mhariri hukata nusu. Safari hii hakuna mhariri. Tutaigiza Jumatatu ya Pasaka katika ukumbi wa shule, na Songea nzima itakaa kimya isikilize.

Onyesho la mwisho nimelikata. Humo mfalme anaamka asubuhi, akili zimemrudia, anaomba maji, kisha anauliza ghala limechomwa na nani. Udhaifu mtupu. Mtunzi aliogopa hoja yake mwenyewe, akaamua kuwatuliza matajiri waliokaa viti vya mbele. Sikulitafsiri hata sentensi moja.

1 Desemba

Ofisi ya walimu. Makarius, mwalimu wa hesabu, ameisoma nakala yangu wakati wa chai, akapangusa midomo.

"Mngoni, huyu mfalme wako anahitaji sindano, si mashairi."

"Sindano kampe babu yako aliyekimbia mikuki yetu."

"Babu yangu hakukimbia. Alikuwa anawahi pombe ya ulanzi isije ikachacha."

Walimu wakacheka mpaka kengele ikalia. Makarius ni Mhehe wa Iringa na mimi ni Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu. Anaweza kuniambia lolote mbele ya yeyote nami sina ruhusa ya kukasirika. Nikamwambia mtu anayefundisha hesabu hawezi kuelewa chochote kisichogawanyika.

6 Desemba

Mvua. Mitihani. Uji bila sukari.

13 Desemba

Karani wa benki niliyempa nafasi ya mfalme amehamishiwa Mbinga. Nilikaa jukwaani peke yangu nikamtukana karani, benki na anayehamisha watu wenye sauti nzuri.

Kisha kaka yangu Baltazar akaingia na mwavuli wake. Alikuwa amekuja kunirudishia nyundo. Akaokota karatasi sakafuni, akasoma maneno ya mfalme pale anapokataa sahani: "Afadhali njaa ninayoijua kuliko shibe niliyotiliwa kitu." Aliyasoma taratibu, akatua kidogo kabla ya "shibe." Nilimsifia kituo hicho.

Nilisahau kwamba ujanani aliongoza kwaya na aliigiza katika kikundi cha utamaduni. Nilichokumbuka ni mtunza ghala. Miaka ishirini na zaidi alishika funguo za ghala la ushirika upande wa Bombambili: mahindi yakiingia, mbolea ikitoka. Halafu soko likaachiwa huru, ruzuku ya mbolea ikaondoka, malori hayakuja, mvua ikapenya paa, na mahindi ya wakulima yakaota ukungu humo ndani. Wakubwa wakamwamuru achanganye yaliyooza na mazima, anyunyize dawa ya vumbi kuficha harufu, yauzwe vijijini. Akachanganya kwa mikono yake. Baada ya hapo wakampunguza kazini wakampa mkono wa kwaheri uliomtosha kununua baiskeli. Ghala limepangishwa kwa mfanyabiashara. Baltazar bado huvaa koti lake la kaki kila asubuhi, huenda kukaa ng'ambo ya barabara, akaangalia mlango.

Watu humcheka. Sasa watamsikiliza. Nimempa ufalme.

25 Desemba

Sikukuu kwa Baltazar. Mkewe Fortunata alipika ugali, kuku, na mboga ya maboga. Baltazar alichukua ugali kwa vidole, akaunusa, akaurudisha. Akainuka akachukua na sahani ya binti yao Violeth, aliyekuja likizo kutoka bweni, akaimwaga nje kwa mbwa.

"Baba!" Violeth akasema.

"Una vumbi," Baltazar akajibu kwa upole. "Mimi nalijua vumbi."

Mbwa akala, akalamba sahani, akalala kivulini. Baltazar alimtazama yule mbwa mpaka jioni kama mtu anayengoja basi.

Fortunata alinifuata uani. "Wifi, nina neno." Sikupenda anavyosema "nina neno," kama mtu anayeomba chumvi. Ni mwanamke wa rozari na sauti ndogo. Akasema kaka yangu halali, husikia magunia yakiburutwa darini, na sasa hula ndizi mbichi tu ambazo amezimenya mwenyewe.

Nikamwuliza, "Fortunata, unajua maana ya sababu?"

Akafunga upya kanga kiunoni.

"Mtu aliyelazimishwa kuwalisha watu uchafu anapouogopa ugali, huo si ugonjwa. Ni dhamiri. Wenye afya mbovu ni wale waliomwamuru na wanakula pilau leo."

"Labda," akasema. "Lakini anakonda, wifi."

11 Januari 1995

Mazoezi yameanza. Wengine wanaigiza. Baltazar haigizi.

17 Januari

Mvua usiku kucha na mchana. Barabara ya Tunduru imekatika. Sukari hakuna, gazeti hakuna, kwa hiyo sina wa kugombana naye isipokuwa Makarius, ambaye ameajiriwa na mimi kujenga ghala la mbao jukwaani kwa malipo ya matusi.

28 Januari

Leo Makarius ameshika msumari mdomoni, anamtazama Baltazar akisema maneno ya mfalme. Baltazar alipomaliza hakushuka. Alibaki anaikagua ile milango ya mbao, anapitisha kidole kwenye ubao, ananusa kidole.

Makarius akautoa msumari. "Mngoni, kaka yako amerukwa na akili. Mpeleke hospitali Peramiho."

"Na wewe nikupeleke wapi, Mhehe? Huko ukoo wenu mnakula mbwa, nikimfikisha daktari kwako atakosa pa kuanzia."

Waigizaji wote wakacheka. Makarius pia akacheka, lakini akachelewa.

9 Februari

Mwezi wa njaa. Mahindi shambani yana ndevu tu, ya mwaka jana yanaisha, na bei ya debe sokoni haitajiki. Wafanyabiashara waliyanunua mapema, sasa wanatuuzia sisi wenyewe jasho letu. Nimeandika barua kali kwa gazeti. Nimeisoma mbele ya Baltazar, akaitikia kwa kichwa mahali panapostahili. Hakuna mtu mjini hapa mwenye akili kuliko yeye. Nilimwambia hivyo: "Kaka, una akili kuliko wote hawa." Akanishika mkono, akaubana kwa muda mrefu. Mkono wake umekuwa mwepesi.

14 Februari

Fortunata tena, mlangoni, na ungo wa kunde. "Wifi, nina neno." Baltazar amehamisha magunia yao ya mahindi kutoka chumbani kwenda kwenye dari ya jikoni, juu ya moshi, anasema moshi utaifukuza dawa. Kila siku hupanda kuyahesabu. Amemwambia ameyawekea alama, na kila alama imesogezwa.

"Ameniuliza kama mimi ndiye ninayetia," Fortunata akasema. Hakulia. Alikuwa anachagua kunde huku anasema, mbaya anatupa uani kwangu.

Nikamweleza kuhusu mfalme. Nilimweleza kwa kirefu, nadhani vizuri. Nikamwambia mke wa mfalme pia haelewi mpaka amechelewa. Akauliza, "Yeye mke, mwisho anakuwaje?"

Nikajibu kwamba mtunzi hamtaji tena.

"Haya," akasema, akakung'uta ungo.

18 Februari

Kituko. Nimesikia hodi, nikafungua, Makarius amesimama mvuani amevaa shati jeupe, tai na viatu vilivyopakwa rangi. Nikashika mbavu.

"Mhehe na tai! Nani kafa?"

"Imaculata," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Naomba niingie, nizungumze."

"Unakuja kuposa? Wangoni hatuuzi kwa ulanzi."

"Ni kuhusu Baltazar."

"Baltazar atakupa mke? Kaombe kwa mfalme, lete ng'ombe."

Akasimama akinitazama, maji yanadondoka kwenye pua yake. Akasema, "Mimi na wewe tumeharibiwa na utani," akageuka, akaondoka kwa uangalifu akikwepa madimbwi ili viatu visichafuke. Nimecheka peke yangu mpaka chakula cha jioni. Sasa ninapoandika sijui ninachekea nini.

1 Machi, Jumatano ya Majivu

Baltazar alifuta majivu usoni kabla hatujatoka kanisani. Akasema yana vumbi.

4 Machi

Hajala kitu tangu juzi, anasema Fortunata. Mazoezini alikuwa mzuri ajabu.

9 Machi

Nimejaribu kuandika makala kuhusu mfalme, ili isomwe kabla ya onyesho. Kwa kawaida kalamu yangu hukimbia. Leo nimeandika "ana sababu" na kufuta, mara nyingi. Nilichokwamia ni hiki: sababu aliyonayo mfalme ni ya kweli, mwanawe amekufa kweli, watu wake ni waongo kweli. Lakini hayo yanaeleza kwa nini anaogopa. Hayaelezi kwa nini mbwa alipokula akalala salama, mfalme aliendelea kumtazama mbwa.

Mbwa hayumo katika tamthilia. Nimechanganya. Ngoja nilale.

12 Machi

Nimeamua. Baada ya Pasaka nitampeleka Peramiho, kupimwa tu, labda ni damu, labda ni tumbo. Nimekwenda kumwambia Fortunata. Akashika mikono yangu yote miwili. Akauliza, "Kwa nini isiwe kesho, wifi?"

Nikamwambia hatuna mfalme mwingine.

18 Machi, Jumamosi

Naandika kwa sababu sijui mikono iwekwe wapi.

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, jua likatoka kali. Tulifanya mazoezi ya onyesho la moto tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Baltazar alikuwa amejifunga shuka jekundu la mfalme. Alipanda ngazi ya Makarius, akajifanya kuwasha mwenge wa karatasi, akasema maneno yote bila kukosea hata moja. Waigizaji walisahau kwamba wao ni waigizaji. Alipomaliza nilipanda jukwaani nikamkumbatia. Nilimwambia, "Kaka, leo umefika."

Akauliza, "Nimefika?"

"Umefika."

Akatoka na shuka lake. Nilidhani anakwenda kunywa maji.

Makarius alikuwa anakusanya mbao. Akasema, "Ameondoka na kibiriti changu." Nilianza kumjibu kitu kuhusu Wahehe na sigara. Sikumaliza, kwa sababu alikuwa ameshaangusha nyundo anakimbia.

Jiko la Baltazar ni la nyasi, limejitenga na nyumba. Tulipofika paa lilikuwa limekwisha. Nyasi za juu zilikuwa mbichi kwa mvua, lakini ndani, zilipokaushwa na moshi wa miaka, zilishika kama mafuta. Majirani walikuwa na ndoo. Mahindi yalikuwa yanalipuka ndani kama bisi, naapa, harufu ilikuwa nzuri, harufu ya watoto na jioni, na hiyo ndiyo nitakayoisikia mpaka nife.

Baltazar alisimama uani katika shuka jekundu. Hakuwa na jeraha. Alikuwa anasema maneno yangu. Kwa Kiswahili changu, na kituo nilichomsifia, kabla ya "shibe." Alikuwa anawaambia watu wenye ndoo, na watu hawakumwelewa, wakawa wanapita pembeni yake kama unavyopita pembeni ya nguzo.

Jirani akaniambia Fortunata alimkuta darini anawasha. Akamvuta chini kwa shuka, akamsukuma nje. Halafu akarudi ndani kuokoa gunia. Gunia la kwanza alilitoa. Liko uani, limeungua pembeni. Alirudi kwa la pili.

Alirudi kwa sababu ni Machi na hakuna mahindi. Hiyo ndiyo sababu yake. Hakuna tamthilia iliyoandikwa juu yake.

19 Machi

Polisi wamemchukua Baltazar, kisha wakaona hali yake, wamemfikisha hospitali Peramiho chini ya ulinzi. Violeth ameletwa kutoka shuleni. Hajanisalimia.

20 Machi, Jumatatu

Tumemzika Fortunata.

Nilijua watani watakuja. Ndiyo desturi: katika msiba wa Mngoni Mhehe anayo haki ya kuingia bila hodi, kulala mbele ya jeneza, kumwigiza marehemu, kudai apewe kitu ndipo aache. Watu hucheka machozi yakiwa usoni, na kicheko hicho ndicho kinachowawezesha kubeba jeneza. Nilimwogopa Makarius kuliko nilivyoogopa kaburi.

Alikuja na shati lile jeupe. Juu yake alikuwa amejifunga kanga ya Fortunata, kichwani kitambaa, mkononi ungo. Akatembea kwa hatua zake zile fupi. Wanawake wakaanza kucheka, kwa sababu alikuwa yeye hasa, hata bega la kushoto lililoinama. Akafika mbele ya mkeka wangu, akapiga magoti.

"Hodi wifi. Wifi, nina neno."

Kicheko kikapanda.

Akainuka, akageuka, akasimama upande wa pili, akabenua kifua, akainua kidole. Akawa mimi. "Fortunata, unajua maana ya sababu?"

Walicheka zaidi, kwa sababu alikuwa mimi hasa. Akarudi magotini. "Wifi, nina neno." Akasimama. "Mfalme, Fortunata, mfalme wa kale!" Magotini. "Wifi, nina neno." Kila alipopiga magoti sauti ilikuwa ndogo zaidi, na kila aliposimama kidole kilipanda zaidi. Kicheko kikaanza kuchanika, huku na huku, mpaka akabaki mwanamke mmoja tu mlevi anayecheka, na baadaye huyo naye akagundua.

Makarius akauweka ungo chini. Hakuendelea. Mjomba wetu Athanasi, kama ilivyo desturi, akamnyooshea noti ili aache. Makarius akausogeza kando mkono wa mjomba.

"Leo mtani hataki hela," akasema. "Mtani anataka kusema. Huyu mama alinijia nyumbani kwangu. Alisema, 'Shemeji, mimi wifi hanisikii. Wewe ni mtani wake, wewe unaweza kumwambia lolote.' Nikamwambia. Nilimwambia lolote. Kila nilipomwambia, mlicheka."

Akaivua kanga, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani kwa Violeth.

Mimi nimeishi kwa maneno miaka arobaini na sita. Nilidhani ukweli hukosa msikilizaji kwa sababu wakubwa wanauziba mdomo. Kumbe unaweza kuruhusiwa kusemwa kila siku, kwa sauti, wakati wa chai, na ukapotea kwa sababu hiyohiyo. Fortunata alichagua mjumbe pekee ambaye hakuwa na namna ya kuaminiwa. Na mjumbe huyo alipovaa tai ili aaminiwe, nilimwuliza nani kafa.

24 Machi

Mvua.

2 Aprili

Ghala la mbao limebomolewa. Mkuu wa shule ameniuliza kama tutafanya onyesho lingine mahali pake. Nimemwambia wanafunzi waimbe.

9 Aprili

Nimekwenda Peramiho. Askari mlangoni, kijana mpole, amenipekua kikapu akaniambia shikamoo. Baltazar alikuwa amelala. Daktari ameniambia anaendelea vizuri, anapewa vidonge asubuhi na jioni na sindano mara kwa mara. Akasema maradhi haya wanayaona, kwamba angeletwa mapema ingekuwa rahisi. Hakusema kwa kunilaumu. Nilimwuliza kuhusu ghala, mahindi yaliyooza, amri ya wakubwa, kupunguzwa kazini. Niliuliza kama hayo si kitu.

"Ni kitu," akasema. "Huenda ndiyo yaliyomsukuma. Lakini mtu aliyesukumwa akaanguka na kuvunjika mguu, mama, bado mguu umevunjika."

Nimekuwa nikibishana miaka mingi na watu waliosoma kuliko yeye. Nilichukua kikapu nikatoka.

16 Aprili, Pasaka

Sikuenda kanisani. Nimefungua kitabu kisicho na jalada, nikalisoma onyesho la mwisho. Ni fupi. Mfalme anaamka, anaomba maji, anakunywa. Anaona majivu kupitia dirishani. Anauliza ni nani aliyefanya hivi. Wote waliomwita mwendawazimu wametoka. Amebaki mtumishi mmoja ambaye hajasema neno tangu mwanzo, na huyo ndiye lazima amjibu.

Mtunzi hakuwa mwoga. Alijua kwamba kichaa cha mfalme si msiba wake. Kichaa kilikuwa shuka alilofunikwa nalo. Msiba ni asubuhi.

Nilijaribu kutafsiri jibu la mtumishi. Nimeshindwa. Nina kamusi mbili.

23 Aprili, Jumapili

Mvua zimekata. Mahindi yamekauka shambani, yanaanza kugeuza vichwa, na mwaka huu yatakuwa mengi. Barabarani kwenda Peramiho watu walikuwa wanachekeana.

Baltazar alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa. Amenenepa kidogo usoni. Mapajani sahani ya ugali na maharage, na alikuwa anakula. Anakata tonge, analibonyeza, anachovya, anakula, kama mtu yeyote. Nilisimama mlangoni nikaangalia matonge matatu yakiingia mdomoni mwake. Miezi minne nilikuwa nimeyaita hayo kujisalimisha.

"Imaculata," akasema. "Karibu. Kaa. Nimekuwa mbali."

"Umekuwa mbali, kaka."

"Ugali wao ni mgumu. Fortunata huusonga laini." Akameza. "Mbona haji? Namuuliza sista, anasema ndugu zangu wataniambia. Amenikasirikia? Nilimwambia maneno mabaya, nayakumbuka. Nilimwambia anatia kitu."

Sista aliyekuwa anakunja mashuka kitanda cha pili akatoka. Askari akatazama nje. Nikabaki mimi.

Nimeandika makala, hotuba, barua, tafsiri. Nilimwambia kwa maneno ambayo mtoto angeyatumia. Kwamba jiko liliungua. Kwamba Fortunata alimtoa nje. Kwamba alirudi kwa ajili ya mahindi. Kwamba tumemzika pembeni ya mama.

Hakupiga kelele. Aliweka tonge sahanini, akalitazama. Akauliza, "Jiko liliungua kwa nini?"

Nikamwambia na hilo.

Aliisogeza sahani pembeni. Nje walikuwa wanaimba nyimbo za Pasaka bado. Kisha akanishika mkono kama alivyoushika siku ile ya Februari, na safari hii mkono wake ulikuwa na uzito.

"Niambie nilikuwa mgonjwa."

"Ulikuwa mgonjwa, kaka."

"Sema tena."

"Ulikuwa mgonjwa. Si wewe. Ni maradhi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mahali panapostahili. Halafu akaniangalia, macho safi kabisa, macho ya mtunza ghala anayejua kila gunia limewekwa wapi.

"Mbona uliniambia nina akili kuliko wote?"